Kukereza Kalamu za Mbao Dar es Salaam: Kutoka Kipande cha Mpingo Hadi Mfuko wa Shati

Kalamu ya kwanza niliyouza ilirudishwa baada ya wiki saba. Aliyeinunua anafanya kazi ghorofani kule Posta, kwenye ofisi ambayo kiyoyozi kinawaka tangu asubuhi hadi watu wanapotoka. Aliiweka juu ya meza yangu bila maneno mengi. Mpingo mweusi tii, umesuguliwa hadi unajiona uso, na juu yake ufa mwembamba kama unywele, kutoka kwenye kibanio hadi pete ya katikati.

Nilimrudishia fedha zake, kisha nikaipasua kalamu kwa patasi ili nione ndani. Gundi ilikuwa imeshika upande mmoja tu wa mrija wa shaba unaokaa ndani ya mti. Upande wa pili ukuta wa tundu ulikuwa laini, unang'aa kama nguo iliyopigwa pasi ya moto mno. Hapo nikaelewa kwamba kalamu ile haikupasuka ofisini. Ilipasuka siku niliyoitoboa. Kiyoyozi kilinionyesha tu kosa ambalo tayari lilikuwamo.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu utakaa muda mrefu kwenye kukausha, kutoboa na kutia gundi. Kukereza kwenyewe, ambako kila mwanafunzi anataka kukimbilia, kutachukua nafasi ndogo kuliko unavyotarajia.

Mashine na vifaa

Huhitaji mashine kubwa. Kalamu ni kitu cha sentimita 13 hivi, na mashine ndogo ya mezani inatosha kabisa. Kama huna, nenda Keko ukaangalie mafundi wanaokereza miguu ya vitanda na meza. Wengi wanatumia mashine walizounganisha wenyewe kwa chuma cha pembe na mota kuukuu. Ukikaa pale siku mbili tatu ukiangalia mkono wa fundi unavyoshika patasi, utajifunza zaidi ya video kumi. Omba kwa adabu, beba maji ya kunywa ya kumgawia, na usimwulize maswali mashine ikiwa inazunguka.

Ukiamua kuunda mashine yako, hesabu ya mwendo ni hii: mota ya kawaida kwa umeme wetu huzunguka mara 1,400 hivi kwa dakika. Ukiweka puli ya milimita 100 kwenye mota na ya milimita 50 kwenye mashine, unapata 2,800, ambao ni mwendo mzuri wa kukereza kalamu. Puli mbili zinazolingana zinakupa 1,400 kwa msasa. Ukigeuza, ndogo kwenye mota na kubwa kwenye mashine, unapata 700 kwa kutoboa na kupaka. Puli ya ngazi tatu na mkanda mmoja zinamaliza kazi yote.

Kingine ni mandreli, yaani fimbo nyembamba ya chuma inayobeba vipande viwili vya kalamu, pamoja na bushi zake, ambazo ni vipete vya chuma vinavyokuonyesha unene wa mwisho. Bushi zikipotea au zikiisha, fundi chuma wa Gerezani anaweza kukukerezea nyingine ukimpelekea sampuli na vipimo vya venia, kile kifaa cha kupimia unene. Utahitaji pia bobari la kuparua, yaani patasi yenye mgongo wa mviringo, patasi bapa ya kukwangua, jiliwa ya kubania kazi, drili ya kusimama, msasa, na seti za vyuma vya kalamu: mirija ya shaba, ncha, mtambo wa kuzungusha unaotoa na kurudisha wino, pete, kibanio na refili, yaani kijiti cha wino. Seti hizo huagizwa nje. Wapo wanaoagiza wenyewe kwa intaneti zikaja kwa posta, na wapo wanaowatumia wafanyabiashara wa Kariakoo wanaounganisha mizigo kutoka Guangzhou.

Kuhusu seti nina ushauri mmoja wa dhati. Seti nyembamba ya mrija wa milimita 7 ndiyo rahisi kujifunzia, lakini nyingi zinatumia refili ya mtindo wa kampuni ya Cross, isiyo rahisi kuipata, na wateja watakusumbua wino ukiisha. Mkono ukishakaa sawa, hamia kwenye seti zinazopokea refili ya mtindo wa Parker. Kalamu ambayo mwenyewe hawezi kuibadilishia wino itaishia kwenye droo.

Mbao: uliza imekauka kiasi gani kabla ya kuuliza ni mti gani

Jiji hili limebarikiwa kwa mabaki. Kwa wachongaji wa Mwenge kuna vipande vya mpingo ambavyo kwao ni vidogo mno hata kwa kinyago cha mkononi, lakini kwako kimoja kinatoa kalamu mbili. Keko na Buguruni kuna vipande vya mninga, mkongo na mtiki. Mwembe ulioanguka uani kwa jirani unatoa kalamu zenye mistari ya kahawia na kijivu ambazo mimi binafsi nazipenda kuliko mninga. Anza na mninga au mtiki. Mpingo usubiri hadi umalize kalamu kumi, kwa sababu ni mti usiosamehe.

Kata vipande vya milimita 20 kwa 20, urefu wa milimita 130. Epuka kipande chenye moyo wa mti katikati, na chunguza ncha zote mbili kwa mwanga wa pembeni: ufa wa mpingo hujificha ndani ya weusi wake. Paka mafuta ya taa kidogo kwenye ncha, yaache yakauke. Mstari unaobaki umelowa ndio ufa.

Hewa ya Dar ina unyevu mwingi. Ubao uliokaa chini ya bati huku Temeke miaka miwili bado unabeba unyevu wa asilimia 14 hadi 16 hivi. Uupeleke kwenye ofisi yenye kiyoyozi, au kwa mgeni anayerudi kwao kwenye baridi kavu, utashuka hadi 9 au chini ya hapo. Mti unaposinyaa na mrija wa shaba ndani yake hausinyai, mahali pa kupumulia ni pamoja tu: ufa. Kwa hiyo lazima ukaushe chini ya kiwango ambacho hewa yetu inakupa.

Mimi natumia sanduku la mbao lenye matundu juu na chini, na ndani yake balbu ya zamani ya moto ya wati 40. Joto lisizidi nyuzi 40. Vipande vya mpingo napaka nta ya mshumaa kwenye ncha zote kwanza, maana ncha hukauka haraka kuliko tumbo na ndipo nyufa huanzia. Kisha kila Jumamosi napima kila kipande kwenye mzani mdogo wa jikoni na kuandika uzito juu yake kwa penseli, au kwenye kipande cha utepe kama ni mpingo. Kipande cha mpingo cha vipimo hivyo kina gramu 65 hivi. Cha mtiki ni karibu nusu yake. Uzito ukigoma kushuka kwa wiki tatu mfululizo, mti umekauka. Mtiki unaweza kuchukua wiki chache. Mpingo unaweza kuchukua miezi, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Mpingo una sheria zake pia. Chukua mabaki kwa mtu anayeweza kukueleza yalikotoka, na utunze risiti. Tangu mwaka 2017 karibu jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmoja wao, imo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwaka 2019 kanuni zililegezwa kwa bidhaa zilizokamilika ambazo mti wake hauzidi kilo 10 kwa shehena, lakini kabla hujamtumia mteja wa nje kifurushi, pita kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, uulize taratibu za upande wetu.

Kutoboa: hapa ndipo kalamu inapookoka au kupotea

Chora mstari mmoja wa penseli kuvuka katikati ya kipande, na alama ya mshale kuelekea juu. Alama hizo zitakusaidia kuunganisha nyuzi za mti upya mwishoni, ili vipande viwili vionekane kimoja. Kisha kata vipande viwili, kila kimoja kirefu kuliko mrija wako kwa milimita 6. Usinikariri mimi kuhusu urefu. Pima mrija ulio mkononi mwako, maana seti zinatofautiana.

Funga kipande kwenye jiliwa ya drili, kimesimama wima kweli. Biti, yaani chuma cha drili kinachotoboa, iwe ya milimita 7 na iwe kali. Nina biti moja ambayo haigusi kitu kingine isipokuwa mpingo, na nainoa baada ya kila vipande sita. Biti butu haikati, inasugua, na msuguo ndio moto ulioupiga pasi ukuta wa tundu la kalamu yangu ya kwanza.

Zungusha kwa mwendo wa 500 hadi 700. Ingia milimita 5, toka, acha unga wa mti umwagike. Ingia tena milimita 5, toka. Katikati ya kazi zima mashine na uguse biti. Kama huwezi kuishika kwa vidole hadi ukahesabu tano, weka kila kitu chini ukanywe chai. Usiipoze biti kwa maji, mti utayanywa. Wala usiipake nta, gundi haitashika baadaye. Ukifika karibu na mwisho usitoboe upande wa pili. Simama milimita 2 kabla, kisha kata ncha hiyo kwa msumeno hadi tundu lionekane. Biti inayotokea upande wa pili kwa nguvu hubandua vipande vya mti, na ndiyo maana tuliacha zile milimita 6.

Mrija uingie kwa kuteleza, ukicheza kidogo sana. Ukibana, pitisha biti mara nyingine polepole. Usiugonge kwa nyundo.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijawahi kumwona mwanafunzi akilifanya bila kukumbushwa: kipande kilichotobolewa kilale saa 24 kabla ya gundi. Kutoboa kumefungua tumbo la mti na kulipasha joto, nao una mambo ya kutulia. Kama kitapasuka, kipasuke usiku huo, kabla hujatumia mrija na seti.

Gundi

Sugua mrija kwa msasa namba 150 hadi ng'aro yake ife kabisa. Futa ndani ya tundu kwa kijiti chenye pamba na asetoni, hasa kwa mpingo na mtiki, maana miti hii ina mafuta yanayoifukuza gundi. Nunua asetoni tupu kwenye duka la rangi. Ile ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi imetiwa mafuta, na hapo unapaka kile unachotaka kukitoa.

Ziba mdomo mmoja wa mrija kwa kuuchoma kwenye kipande cha kiazi mviringo. Kiazi kinabaki kama kizibo na gundi haingii ndani. Tumia gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Supaglu ina haraka: katika unyevu wetu inaweza kushika mrija ukiwa nusu njia, nao hautoki tena. Paka epoksi ndani ya tundu na juu ya mrija, uingize ukiuzungusha na kuurudisha nyuma na mbele ili isibaki nafasi tupu. Mahali pasipo gundi ndipo mti hujitenga na kupasuka. Acha siku nzima, hata kama kopo linasema dakika tano.

Kisha toa kiazi na sawazisha ncha hadi mti na shaba viwe usawa mmoja, pembe mraba na mrija. Kuna kifaa chake chenye fimbo inayoingia ndani ya mrija na meno yanayokwangua ncha. Shaba ikianza kung'aa, acha. Ukiendelea unaufupisha mrija, na kalamu haitafunga vizuri.

Kukereza

Kabla ya swichi, jiangalie. Kanzu, mikono mirefu, lemba linaloning'inia, mkufu, glavu: vyote viwe mbali na mashine. Vaa miwani na barakoa nzuri. Unga wa mpingo na mkongo unaweza kuwasha ngozi na kifua, na baadhi ya watu wanazidi kuathirika kadiri miaka inavyokwenda. Umeme ukikatika, kitu cha kwanza ni kuzima swichi ya mashine. Umewahi kurudi wakati mwenzangu ameinama kuangalia kipande kwa karibu, na ni Mungu tu aliyemwepusha.

Panga vipande na bushi kwenye mandreli kwa kufuata zile alama za penseli. Kaza nati kwa vidole tu. Ukikaza sana fimbo inapinda, na kalamu itatoka ya yai. Sogeza egemeo la patasi liwe karibu, zungusha kwa mkono kuhakikisha hakuna kinachogusa, ndipo uwashe.

Kwa mwendo wa 2,000 hadi 2,800 anza na bobari, makali yakiwa yamenolewa nyuzi 45. Gusa mti kwa mgongo wa bobari kwanza bila kukata, kisha inua mpini polepole hadi makali yaanze kula. Ondoa pembe nne kwa mapito mepesi. Mninga una nyuzi zinazogeukageuka, ukiulazimisha unanyofoka, kwa hiyo noa tena kabla ya mapito ya mwisho. Mpingo ni kinyume: patasi bapa ya kukwangua inauvua nyuzi laini kama unga wa kahawa, ila unakula makali. Noa kila baada ya kalamu moja, na usione ni kupoteza muda.

Shuka hadi ubaki na unene wa milimita 0.3 hivi juu ya bushi. Hizo ni za msasa. Pima kwa venia usitegemee macho, kwani bushi zenyewe huliwa na msasa mwaka hadi mwaka.

Msasa punguza mwendo hadi 1,400 au chini: namba 150, 240, 320, 400, 600. Baada ya kila namba zima mashine na usugue kwa urefu wa mti kwa mkono, vinginevyo utabaki na pete za mikwaruzo zitakazojitokeza juani. Kwa mti mweupe angalia usisugue bushi. Unga wa chuma chake huingia kwenye mti na kuuchafua kijivu.

Kung'arisha

Mpingo hauhitaji mengi. Endelea na msasa wa maji namba 1000 na 2000, ukiutumia mkavu, kisha nta ya nyuki na kitambaa laini. Itafifia kwa jasho la mkono, lakini inarudishwa kwa dakika mbili, na kuna watu wanaopenda kalamu yao izeeke nao.

Mninga, mtiki na mwembe vinahitaji ngozi ngumu zaidi. Polishi ya samani tunayoijua Keko inanata kwa jasho, usiitumie kwenye kalamu. Tumia supaglu nyepesi: mashine kwenye 700, tone kwenye tishu iliyokunjwa, pitisha mara moja kutoka ncha hadi ncha, usirudi. Subiri ikauke, rudia mara 8 hadi 12, ukilainisha kwa msasa namba 600 kila baada ya tabaka nne. Kamwe usitumie kitambaa cha pamba, kwani pamba na supaglu vikikutana vinachemka na kuunguza vidole. Feni ipulize mvuke mbali na macho yako.

Supaglu hukauka kwa unyevu wa hewa. Wakati wa masika inakauka upesi mno na kuacha ukungu mweupe juu ya kalamu. Miezi hiyo mimi napaka mchana mvua ikiwa imekatika, tabaka nyembamba zaidi, na chupa nazihifadhi kwenye kopo linalofunga sawasawa pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Kuunganisha

Kalamu nzima ilale siku moja tena. Kisha tumia jiliwa yenye mbao laini kwenye meno yake. Sukuma ncha kwenye kipande cha chini. Upande wake wa pili sukuma mtambo wa kuzungusha, taratibu, milimita kwa milimita. Weka refili, jaribu, sukuma tena hadi wino utokeze vizuri ukizungusha na urudi wote ukifunga. Ukipitiliza, kuurudisha ni kazi. Kibanio na kofia yake vinasukumwa kwenye kipande cha juu. Mwisho weka pete ya katikati na uunganishe vipande viwili kwa mkono, nyuzi za mti zikikutana pale mstari wa penseli ulipokuwa.

Kujifunza pamoja

Mafundi wengi tuliolelewa kwenye karakana za mjini tulifundishwa kuficha. Mzee wako anakugeuzia mgongo anapochanganya rangi. Kwenye kalamu sioni faida ya siri hizo. Mti wenyewe unatofautiana kipande kwa kipande, na anayejua nilichokosea mwezi uliopita ananiokoa mwezi ujao.

Kwa hiyo tukikutana, watu wanne watano Jumapili jioni, kanuni ni kwamba kila mtu alete kalamu iliyoharibika, siyo iliyopendeza. Tunaipasua kwa urefu na kuisoma. Ukuta unaong'aa: joto la biti. Shaba imetoka safi bila gundi: mafuta, au mrija haukusuguliwa. Gundi ina mashimo: mrija haukuzungushwa. Ufa umeanzia kwenye pete: mrija ulibaki mfupi, chuma kikausukuma mti. Kila kitu kiko sawa na bado imepasuka: rudi kwenye daftari la uzito, mti haukukauka.

Daftari hilo kila mmoja analo. Mstari mmoja kwa kalamu: mti, ulikotoka, uzito wa kwanza na wa mwisho, tarehe ya kutoboa, gundi, tarehe ya kuuza, na aliyeinunua anafanya kazi wapi. Safu ya mwisho iko tupu kwa makusudi. Baada ya miezi mitatu unampigia mteja umwulize kalamu inaendeleaje, kisha unaijaza.